Tamasha la Pombe Isiyo na Moshi

Ninayo heshima kuutaarifu umma kwamba mwezi Agosti 1994 Dodoma iliandaa Tamasha la kwanza la Pombe Asilia na Endelevu, na kwamba lilifanikiwa kiasi kwamba kamati yake haikulazimika kukutana tena.

Mimi, Swalihu, nilikuwa Katibu wa Kamati hiyo. Niliteuliwa kwa sababu mimi ni Mwislamu na sijawahi kuonja pombe maishani, hivyo nisingeweza kushukiwa kuwa naijua. Mwenyekiti alikuwa Ndugu Octavian, ambaye mwaka huo alikuwa ameanza kuitika haraka zaidi akiitwa Mheshimiwa. Yeye alikunywa bia za kopo tu, zile zilizofurika madukani tangu milango ya biashara ifunguliwe. Mjumbe wa tatu na wa mwisho, Bi. Brightness, alikuwa amerejea kutoka semina ya mazingira ya wiki mbili, akiwa na cheti na mkoba wa semina.

Utafiti wetu ulibaini kwamba pombe ya mtama ya Wagogo haina kemikali, haina chupa wala kizibo. Ilipungukiwa na kitu kimoja tu: mwongozo. Tukauandika, kurasa arobaini na moja. Ibara ya sita ilielekeza kwamba pombe asilia ipikwe bila kuni wala moshi. Wafadhili wakatuletea majiko manane ya jua, yaani masanduku ya bati yenye kifuniko cha kioo.

Mpishi alikuwa Mama Raheli wa Mkonze. Tulimteua kwa sifa zake, na pia kwa kuwa kibali cha kilabu chake cha pombe kilikuwa mezani kwa Mwenyekiti kikisubiri sahihi. Alilizunguka jiko mara mbili.

"Mheshimiwa, uji wa pombe unachemka tangu alfajiri mpaka saa sita. Hili sanduku linachemsha yai."

"Yako manane, mama."

"Basi mayai manane."

"Na kibali chako?" Mwenyekiti aliuliza kwa upole.

Kilabu kile ndicho kilichomsomesha binti yake Lea hadi kidato cha nne. Mama Raheli akainama, akapanga sufuria ndani ya masanduku.

Kwa bahati mbaya upepo wa Agosti haukuwa umeusoma mwongozo. Ulimwaga vumbi juu ya vioo siku nzima. Siku ya kwanza uji ulikuwa vuguvugu, na siku ya pili pia, Bi. Brightness akaandika, "Joto la kuridhisha." Siku ya tatu Mama Raheli akaja ofisini.

"Huu uji ni mbichi. Nikitia kimea utaumuka, lakini ukifika tumboni utaendelea na kazi. Watu wakiugua watasema ni pombe ya Raheli. Jina langu likiharibika Mkonze, hicho kibali nitafungia vitumbua."

Mwenyekiti alilitafakari jambo hilo kwa dakika nzima. "Jina lako halitatajwa popote. Pombe ni mali ya Kamati."

"Niandikieni."

Nikaandika, nikagonga muhuri: tangu kupikwa hadi kunywewa, pombe hii ni mali ya Kamati, na Mwenyekiti ndiye mwenye pombe. Mama Raheli aliikunja barua, akaifunga kwenye pindo la khanga.

Siku ya tamasha uwanja ulipendeza. Vyombo vya plastiki vilipigwa marufuku, vikatumika vibuyu na kata. Kilikuwepo pia choo kipya kisichotumia maji. Wafadhili wawili waliketi mbele. Mwenyekiti alihutubia kwa saa moja na nusu kuhusu uendelevu, kisha akawakaribisha wananchi wanywe.

Hakuna aliyesogea.

Mzee Batholomeo, mkulima wa Mlali aliyetuuzia mtama, aliinuka taratibu. "Tunamngoja mwenye pombe aonje."

Ilibidi nimnong'oneze Mwenyekiti kwamba huku, anayekaribisha pombe hutangulia kunywa mbele ya watu, ili ionekane haina baya. Macho yote yakamgeukia Mama Raheli.

"Mimi nilikuwa mkorogaji tu," alisema. "Mwenye pombe ameandikwa." Akafungua pindo la khanga, akanipa barua. Niliisoma kwenye kipaza sauti kama inavyoupasa wadhifa wangu. Ilikuwa barua nzuri.

Mwenyekiti alibakiwa na njia mbili: kunywa, au kuwatangazia wafadhili kwamba ibara ya sita haiivishi uji. Akanywa.

"Yote, Mheshimiwa," alihimiza Mzee Batholomeo. "Ukibakiza, watu wataingiwa na wasiwasi."

Kata ya pili akapewa Bi. Brightness.

"Mimi ni mtaalamu tu, mzee."

"Imesomwa Kamati, mwanangu. Kunywa."

Kata ya tatu ilinielekea. Mzee akaitazama kofia yangu, akaishusha. "Huyu mwacheni. Dini yake imemwokoa."

Watu wakasubiri kwa adabu. Baada ya nusu saa Mwenyekiti alitangaza kwamba anakwenda kukagua choo. Bi. Brightness alikuwa ameshakimbilia cha shule ya jirani. Ndipo Mama Raheli akasema, bila kupaza sauti, kwamba nyumbani ana pipa jingine, alilopika kama alivyofundishwa na mama yake. Uwanja mzima ukaelekea Mkonze, wafadhili wakiwa mstari wa mbele. Katika taarifa yangu nimeandika kwamba washiriki wote walisafiri kwa miguu, bila kutumia tone la petroli.

Mimi nilibaki zamu mlangoni pa choo. Alasiri Mama Raheli alirudi na bakuli lililofunikwa, na fomu ya kibali.

"Nani huko nje?" sauti ya Mwenyekiti ilitoka ndani, nyembamba.

"Raheli."



"Shikamoo, mama."

Kwa kumbukumbu zangu, hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea uji wa kutuliza tumbo. Na hiki kikaratasi."

Fomu ilipita chini ya mlango pamoja na kalamu yangu. Ikarudi imesainiwa. Sahihi ilikuwa imepinda, lakini ilikuwa halali. Nikagonga muhuri palepale, juu ya goti. Kisha mlango ukafunguka kiasi cha upana wa bakuli.

"Umepikwa kwa jiko gani?" aliuliza.

"La kuni, baba."

Mkono ukatokeza mlangoni.

"Lete," alisema Mwenyekiti wa Kamati.