Uzinduzi wa Kiyoyozi cha Chumba cha Mama

Mheshimiwa Mama Mzazi, mlezi mkuu wa ukoo huu na mnufaika namba moja wa mradi, mheshimiwa mke wangu, mwenye dhamana ya jiko na mambo yote ya ndani, mheshimiwa dada yangu mkubwa, uliyekuja na gari ingawa hukualikwa, fundi madirisha, jirani yetu fundi cherehani, mwakilishi wa asasi za kiraia na umbea wa mtaa, wanangu wote kwa vimo vyenu, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi ya mtu mmoja. Ni yeye mwenyewe.)

Ndugu wananchi wa nyumba hii, ikumbukwe kwamba Mama alipotoka hospitali, daktari alisema kifua chake hakitaki joto, na dada yangu, kwa ile haraka yake isiyo na mpangokazi, akataka kumchukua siku ile ile akamkalishe kwake barazani penye upepo, nami, kama mtoto wa kiume wa pekee na Mkurugenzi Msaidizi wa Idara, nikatamka kwamba Mama hatoki hapa, na kiyoyozi cha dirishani kitamfuata kitandani, naye Mama kwa hekima yake akakubali kusubiri hadi siku ya uzinduzi, ambayo ndiyo leo. (Mama anajipepea kwa mfuniko wa sufuria. "Fupisha, mwanangu, nakufa na joto.")

Nakuja, Mama. Safari haikuwa lelemama. Tulifanya upembuzi yakinifu, tukashirikisha mastekholda wote, tukaunda kamati ambayo mimi ni mwenyekiti, katibu na akidi. Sasa wapo wanaohoji kwa nini tulikata nondo na kung'oa vioo kabla mashine haijafika. Nasikitika sana. Idarani kwetu tulishafungua zahanati ambayo hadi leo inatafuta kuta, na utepe tulikata! Kwa mujibu wa utaratibu, tundu hutangulia mtambo. (Fundi madirisha: "Lakini bosi, nilikwambia kwanza nione mashine nichukue vipimo." Anaamriwa akae. Alikuwa amekaa.)

Kwamba tangu hapo jua la alasiri linaingia moja kwa moja hadi kwenye mto wa Mama, na vumbi, na juzi paka wa jirani, hizo ni changamoto, na changamoto ni dalili kwamba mradi uko hai. Utekelezaji umefikia asilimia tisini na nane, na joto la chumba hiki, kwa tathmini niliyoifanya mwenyewe nikiwa ofisini, limeshuka kwa zaidi ya nusu. (Mke wake: "Ofisini kwako si kuna kiyoyozi, baba watoto?" Swali litajibiwa kwa maandishi.)

Kuna watu, sitawataja, wenye gari wanajijua, waliozoea kupozwa na upepo wa bure, upepo usio na bajeti wala plagi, upepo unaompuliza mkurugenzi na mfagizi sawasawa bila kujali cheo, halafu wanataka kutufundisha maendeleo! (Dada anatazama funguo zake.)

Na sasa, kwa mamlaka niliyojipa, navuta shuka. (Anavuta. Dirishani mna kitu cheupe cha mraba chenye matundu. Watoto wanashangilia. Rangi haijakauka.) Nabonyeza swichi. Pokeeni ubaridi! (Mama amesogeza uso karibu na matundu, amefumba macho, anangoja. Swichi inabonyezwa tena, kwa hasira. Kiyoyozi kinapiga chafya.)

Msitaharuki, huo ni mfumo unajisafisha. (Kiyoyozi: "Samahani shemeji, rangi imeniingia puani.")

Kiyoyozi hoyee! Joto chini! Mama juu! (Jirani anaitikia "hoyee" kwa mazoea, kisha anajuta.)

Kwa kumalizia, nitakuwa mwizi wa fadhila nisipomshukuru mke wangu kwa boksi la televisheni, fundi kwa rangi iliyobaki, na shemeji yangu aliyesimama nje juani akipepea kwa kipande cha boksi hilo hilo, ili Mama asihisi pengo katika kipindi hiki cha mpito, ambapo mashine yenyewe iko katika hatua za awali kabisa za kufikiriwa kuombewa kibali. Shukrani za pekee nizielekeze kwako, Mama, kwa uvumilivu wako, na nikuombe uendelee... Mama? (Mama amesimama mlangoni, mto kwapani, dada kamshika mkono.)

"Ungenipepea wewe, mwanangu, kwa mkono wako," anasema Mama, "nisingeondoka."

Naomba hilo lisiingie kwenye kumbukumbu za kikao. (Limeingia.)