Tofali Lenye Mguu wa Mbwa

Jumatatu, 4 Machi

Makumbusho yanatafuta mtu wa kuwatembeza wageni katika mji wa kale. Hatimaye! Miaka yote niliyofundisha historia ilikuwa mazoezi tu. Mke wangu kanionya nisivimbe kichwa, kaka yake naye ameomba. Shemeji! Mtu aliyeuza matairi maisha yake yote! Alhamisi kila mmoja atapewa kundi lake. Atakayewapendeza wageni ndiye atakayepata kazi.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata hila. Nimempigia shemeji simu nikamwambia, kwa upole wa kindugu, kwamba ziara huanzia lango la nyuma. Uongo mtupu. Huko ni magugu na mbuzi. Akanishukuru, akasema shemeji kama mimi hauzwi dukani. Nikajisikia vibaya kidogo. Kisha nikala vizuri.

Alhamisi, 7 Machi

Chumba cha kwanza, ndani ya kabati la kioo, kuna tofali. Nimelipita mara nyingi bila kulitazama! Leo jua lililiangukia ubavuni, nikaona alama ya mguu wa mbwa. Alikanyaga udongo ungali mbichi, fundi akafoka bila shaka, tofali likachomwa hivyo hivyo. Wafalme wa mji ule hatujui hata nyuso zao. Mbwa huyu tunajua kidole chake kimoja kilipinda! Ikabidi nieleze jinsi udongo unavyokandwa, unavyoanikwa, na kwa nini mbwa hupenda kulala karibu na tanuri. Mama mwenye kofia akafuta machozi. Bwana mmoja akauliza kama kuna viti. Nilipowaambia sasa twende kwenye kasri, mlinzi alikuwa anazima taa.

Wageni wa shemeji waliingia kwa nyuma, wakakutana ghafla na ukuta mkuu ukiwaka jua la asubuhi. Inasemekana hata mbuzi walionekana wa kale. Shemeji hakuwa na la kusema, akanyamaza. Wakanyamaza wote, vichwa juu. Walirudi wakimpigia makofi.

Ijumaa, 8 Machi

Msimamizi kaniambia wageni walilipia mji, nikawaonyesha tofali. Kazi kapata shemeji. Kaja nyumbani na keki ya kunishukuru kwa ile siri ya lango. Mke wangu akaniuliza mbona sili. Mimi nimepewa ulinzi wa chumba cha kwanza: kukaa kitini, kimya. Nimeapa. Kimya kabisa!

Jumamosi, 9 Machi

Siku ya kwanza kazini. Binti mmoja kaingia mbio akauliza choo kiko wapi. Nikamwomba atulie kwanza, kwa sababu swali lake ni zuri kuliko anavyodhani: watu wa mji huu walichimba mifereji ya maji machafu chini ya kila mtaa, kwa mteremko wa ajabu. Sijafika hata kwenye mteremko, akatoka mbio.

Nadhani kaenda kuwaita wenzake.