Orodha ya Vishawishi vya Mtaa Wetu

Jumatatu, 4 Machi

Siku ya ishirini na mbili bila mke. Amehamia kwa kaka yake, mtaa wa tatu kutoka hapa, na binti yetu kaenda naye. Nyumba imepoa. Nimekunywa chai ya jana.

Chanzo ni drafti. Naliandika hapa kwa sababu hapa hakuna msomaji. Siku ile nilitumwa kumchukua binti zahanati, ana homa. Nikapitia kwa kinyozi, kwenye meza ya drafti, nicheze mchezo mmoja tu. Binti akarudi nyumbani peke yake kwa miguu, akijishikilia kwenye kuta za watu. Mke wangu hakugomba. Alikunja nguo. Alisema atarudi siku nitakapoweza kupita mbele ya kinyozi bila kusimama.

Juzi nilimpigia simu, nikamwambia nimeacha kabisa. Akasema vizuri, tutaona. Leo nimetoka kazini nikiwa nimekaza roho nipite moja kwa moja. Nimecheza michezo mitano. Nimejichoka, kusema kweli.

Jumanne, 5 Machi

Wazo limenijia katikati ya mafaili. Shida si mimi. Shida ni meza! Meza isingekuwepo, ningekuwa nyumbani saa kumi na moja kila siku, mtu safi, mume wa mfano. Na mimi si ndiye katibu wa kamati ya maadili kanisani? Kamati yenyewe mwaka mzima haijafanya lolote zaidi ya kunywa soda. Basi tuiandikie ofisi ya mtaa ipige marufuku vishawishi vyote. Nikisema drafti peke yake watashtuka. Vyote kwa pamoja, drafti ijifiche humo katikati.

Nilifanya kosa la kumweleza Fundi Saa. Naye ni muumini, anasali benchi la mbele yangu. Kibanda chake kinatazamana na kinyozi, miaka saba anaiona ile meza na hajawahi kugusa kete. Simpendi. Akaniuliza, bila kuinua macho kwenye saa aliyokuwa anaifungua, tukifungia kila kitu, Mungu atajuaje nani kakataa na nani kakosa nafasi. Akasema Mungu atabaki na wafungwa, si waumini.

Nikamwuliza, mtoto akishika kisu, unamhubiria au unakiondoa kisu? Nilijua nimemkamata. Akaniuliza ni nani kaniambia mimi ni mtoto, na kipara chote hiki.

Nikaondoka. Nikacheza miwili tu.

Alhamisi, 7 Machi

Kikao cha kamati. Niliogopa watanibishia. Wapi! Walisubiri hilo tangu enzi. Mwalimu wa kwaya alisimama wa kwanza kusema duka la keki lifungwe, harufu yake inawaangusha waumini. Mweka hazina akasema duka la viatu lifunike vioo vyake. Mama Mchungaji, kwa sauti ya upole, akataka magazeti ya udaku yaondolewe kwenye meza za wauzaji, maana yanachafua mawazo, hasa ukurasa wa tatu na ule wa nyuma. Nikaingiza drafti hapo hapo. Hakuna aliyeshtuka.

Kila mmoja alikuwa na lake. Niliandika mpaka mkono ukafa ganzi.

Mchungaji alisikiliza, akapangusa miwani. Akasema yeye ana wasiwasi, ila tuibandike kwanza orodha kwenye ubao wa matangazo, waumini waisome Jumapili watoe maoni. Nikasema niachieni mimi. Kazini masjala hakuna anayenifikia kwa kupanga kumbukumbu.

Jumamosi, 9 Machi

Nimeandika orodha kwa mkono, wino mweusi, mistari kwa rula. Hoja isiyo na mwenyewe na isiyo na ushahidi hairuhusiwi kufunguliwa faili, ndivyo tunavyofanya ofisini, nami siwezi kufanya kazi ovyo kwa sababu tu ni ya kanisa. Safu ya kwanza: kishawishi. Ya pili: mtoa hoja. Ya tatu: mara ngapi mtoa hoja amekutana nacho kwa wiki. Nilizunguka nyumba kwa nyumba kuuliza. Walinijibu wote, tena kwa moyo, maana kila mmoja alitaka lake lionekane ndilo janga kubwa.

Imependeza. Nimeibandika mwenyewe, pini nne.

Jumapili, 10 Machi

Sijui nianzie wapi.

Ibada ilipokwisha watu walijaa ubaoni. Kisha mtu akaanza kusoma kwa sauti. Keki: mwalimu wa kwaya: kila siku, Ijumaa mara mbili. Viatu vya dirishani: mweka hazina: kila anapopita, na hupita makusudi. Magazeti ya udaku: Mama Mchungaji: kila toleo. Watoto wa shule ya Jumapili walicheka mpaka wakakaa chini. Mwalimu wa kwaya alinishika kola, akaniuliza nimemkosea nini. Nikamwambia ni utaratibu. Akasema huo utaratibu niupeleke kwetu.

Fundi Saa alisoma yote, mstari kwa mstari, bila kucheka. Alisema hajawahi kuona watu wakiungama kwa unyofu namna ile. Akasikitika kuwa tumeungama kwa ofisi ya mtaa, si kwa Mungu.

Halafu nikamwona mke wangu. Amekuja kusali, mimi nimesahau kabisa kwamba na yeye anajua kusoma. Kidole chake kilikuwa kwenye mstari wa kumi na moja. Drafti: katibu: mara sita kwa wiki.

Nikasema ni takwimu za zamani. Akasema tarehe iko pale juu, na mwandiko ni wangu. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Alisema afadhali pahala pamoja nimeandika ukweli. Alisema kuniona napenda drafti hakumsumbui kama kuniona nataka mtaa mzima ufungwe kamba ili mimi nisijifunge. Halafu akaniambia la mwisho. Jumamosi saa kumi jioni niende kwa kaka yake, kwa miguu yangu, nibebe mabegi, wanarudi. Nisipofika, Jumatatu anamwandikisha binti shule ya kule. Binti alikuwa nyuma yake. Aliniuliza kama kitanda chake bado kiko dirishani. Nikasema kipo.

Jumatano, 13 Machi

Mchungaji ameing'oa orodha. Kamati imevunjwa. Mama Mchungaji hanisalimii.

Lakini! Kinyozi naye alisoma ule ubao. Kaumia kuona meza yake imewekwa kundi moja na magazeti ya udaku, na nusu ya wateja wake ni wanakwaya. Ameiondoa meza. Nimepita jioni: ukuta mtupu, alama nne za miguu ya meza sakafuni. Nimepita bila kusimama. Moja kwa moja mpaka nyumbani, saa kumi na moja kasoro.

Nilimpungia mkono Fundi Saa. Akaniuliza nimeshinda nini hasa. Wivu huo.

Nimetandika kitanda cha binti. Nimenunua maziwa.

Jumamosi, 16 Machi

Asubuhi nimefagia, nimedeki, nimepiga pasi shati. Saa tisa na nusu nimetoka. Nimepita kwa kinyozi kifua mbele. Mtaa wa pili, salama. Mtaa wa tatu, naliona geti la shemeji. Robo saa ya ziada mkononi.

Na meza ipo pale. Ile ile. Wachezaji walipofukuzwa kwa kinyozi waliihamishia kwenye baraza la duka lililofungwa, hatua ishirini kutoka getini. Wakanishangilia. Wakasema mahali hapa ni pazuri, hapana waumini. Nikawaambia mimi napita tu. Mmoja akaniuliza kama nimechoka kufungwa nao. Nilikuwa na dakika kumi na tano, na mchezo mmoja hauzidi kumi. Hiyo ni hesabu.

Wakati fulani binti alikuja. Alisimama kando yangu na begi lake la shule mgongoni. Alisema mama anauliza. Nikamwambia dakika moja, mwanangu, kete yangu imekuwa kingi hapa. Alisubiri. Nakumbuka viatu vyake, vimepigwa rangi. Nilipoinua kichwa hakuwepo, na geti lilikuwa limefungwa. Saa kumi na mbili kasoro.

Nilibisha hodi. Shemeji alinifungulia kidogo. Alisema dada yake amelala na hataki kuamshwa. Jua lilikuwa bado linawaka.

Jumapili, 17 Machi

Sikwenda ibadani. Nimemwaga maziwa, yameganda.

Nimelifikiria jambo hili kwa kina, tangu asubuhi, bila hasira. Kosa si langu. Orodha ilikuwa sahihi ila eneo lake lilikuwa dogo mno. Marufuku ya mtaa mmoja inasukuma uovu mtaa wa tatu, mtu mzima yeyote angeliona hilo. Kinachotakiwa ni marufuku ya mji mzima, pamoja na mabaraza yote ya maduka yaliyofungwa.

Barua imekamilika, nakala tatu. Kesho mke wangu atakapokuwa anamwandikisha binti, mimi nitakuwa nimejipanga mstari ofisi ya mji kuiwasilisha. Nimeeleza madhara yote kwa familia. Sikueleza kwamba kati ya michezo saba ya jana nilishinda mitano.