Jipiesi ya Kumtafuta Meja

Siku Meja alipotoweka, Mzee Kisio hakunywa maziwa. Walimpelekea kibuyu asubuhi, akakishika, akakitazama, akakirudisha. Jioni alisimama langoni mwa boma kama kawaida yake, akawaimbia ng'ombe wake mmoja mmoja kwa jina, nao wakaingia. Zamu ya Meja ilipofika aliimba vilevile, akangoja. Hakuna aliyeingia. Mkewe, Namayiana, ndiye aliyekwenda kufunga lango.

Meja alikuwa dume. Mama yake alikufa siku ya kumzaa, na Mzee Kisio akamlea kwa maziwa ya chupa ya soda, akilala naye pembeni ya moto. Jina alilipata kwa mwendo wake, kwani hata akienda kunywa maji alitembea kama anayekagua gwaride. Mbwa wa boma, ambaye mwendo wake haukuwa na lolote, aliitwa Koplo.

Vijana walifuata nyayo hadi kwenye reli iendayo Kilosa. Hapo ziliingia kwenye kokoto, na mvua ya usiku ule ikamalizia kazi. Wakarudi mikono mitupu.

Kumbe Meja hakuwa mbali. Alikuwa ng'ambo ya shamba la mkonge, ndani ya ghala ambalo halikuwa na kazi tangu shamba liuzwe, akila majani ya kukatiwa kama mgonjwa wa wodi ya daraja la kwanza. Aliyemkatia majani aliitwa Cleopa. Aliyemtuma Cleopa aliitwa Onesphory, na huyu inabidi tumweleze kwa heshima zake zote.

Onesphory alikuwa mtu wa Mikumi, pale kwenye barabara kuu. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, ambapo kila aliyeshuka basi na begi la ngozi aliitwa mwekezaji, naye Onesphory alijitolea kuwapokea wawekezaji wote. Siku moja akampokea mpimaji wa mipaka aliyekuwa amekasirika. Mpimaji alikuwa na jipiesi mpya, kitu cha kushika mkononi kinachozungumza na setilaiti na kukuonyesha ulipo. Ilikuwa haijamaliza wiki tangu itoke kwenye boksi, na kitufe chake kikubwa kilikuwa kinagoma. Ukikibonyeza kinazama, hakirudi.

"Hilo jambo dogo, mkuu," Onesphory alimwambia. "Morogoro nina fundi. Nipe niipeleke mwenyewe, wewe pumzika."

Mpimaji akampa, akapumzika. Kwa habari tulizo nazo, bado anapumzika.

Onesphory hakuwa na fundi Morogoro. Alikuwa na Cleopa, na ghalani mbele ya Meja wawili hao walikiuguza kile kitufe kwa zamu. Walitoa betri, wakazirudisha. Walikipuliza. Walikigongagonga kwenye goti. Walifungua kitabu cha maelezo, kilichoandikwa kwa lugha saba, na hakuna hata moja kati ya hizo iliyowahi kusomeshwa kwao.

"Kaka, kinataka kulainishwa," alisema Cleopa, aliyekuwa anakula mbuzi wa kuchoma kwenye kipande cha gazeti. Akachovya kidole kwenye mafuta, akapaka.

Kitufe kikaibuka. Onesphory alikibonyeza, akakishikilia kidogo, na kwenye kioo kikatokea kijitu kimeshika bendera. Maana yake mahali hapo pamehifadhiwa. Kuanzia hapo, popote utakapokuwa, ukiichagua bendera ile mshale utakurudisha ghalani.

"Sasa sikiliza, mshikaji," Onesphory alisema. "Kesho kutwa naja na wenye mali. Asubuhi mtoe huyu nje, asionekane kama amefungwa. Awe kama amepotea tu, mnyonge, ndani ya mikonge. Ukituona, achia kamba ukimbie."

"Na wimbo je? Kila jioni yule mzee akiimba, upepo unauleta hadi hapa, na huyu anaitikia. Nakohoa mpaka kifua kinauma ili nimfunike."

"Endelea kukohoa."

Onesphory alifika bomani amevaa kofia ya mpimaji. Alisalimu vizuri, maana utapeli bila adabu ni ujambazi.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba," alijibu Namayiana. Mzee Kisio aliitikia kwa kichwa.

Alipewa kigoda na kikombe cha maziwa, akaeleza. Juu kuna setilaiti, zinaona kila kitu, hata sisimizi. Mashine hii ikiziuliza, zinaijibu. Alikuwa amesikia msiba wa mzee akiwa Mikumi, moyo ukamuuma, ndiyo maana akaacha shughuli zake.

Mzee Kisio alisikiliza hadi mwisho. "Hizo setilaiti," aliuliza taratibu, "zinamjua Meja?"

"Zinamjua, mzee."

"Anakula?"

Onesphory alikuwa amejiandaa kwa maswali mengi, si hilo. "Anakula vizuri," alisema, na kwa mara moja maishani mwake akawa amesema kweli.

"Atakayemfikisha Meja langoni kwangu," alisema Mzee Kisio, "atachagua mtamba mmoja zizini."

"Na mashine isipomwona?" aliuliza Namayiana.

"Mama, haiwezekani."

"Basi kama haiwezekani, huna hasara. Isipomwona, inabaki hapa."

Onesphory alicheka, akakubali mbele ya watu wote. Wakati anacheka, Koplo alikuwa amempenda ghafla. Alimsogelea pale kigodani, akaingiza pua kwenye mfuko wa koti, akaisukuma jipiesi kwa bidii yote ya mbwa aliyenusa mafuta ya mbuzi.

"Hata mbwa wananikubali," alisema Onesphory, akimpapasa kichwa.

Ndani ya mfuko, gizani, kijitu kilisimama mara ya pili na kuinua bendera.

Siku ya msako walitoka watu wengi kuliko waliohitajika. Onesphory alisema mashine haianzii bomani, inaanzia pale nyayo zilipopotelea, kwa hiyo wote wakaenda hadi relini. Akaiinua juu, akafumba macho, akanong'ona maneno ambayo setilaiti hazikuyahitaji. Kisha akafungua orodha, akachagua bendera ya juu kabisa. Hakujua ziko mbili. Mshale ukatokea.

Mwanzoni hakuufuata. Kazi rahisi haina shukrani, akawazungusha kwanza: wakashuka korongo, wakapanda, wakapumzika, wakashuka tena. Jua lilipoanza kulegea ndipo akaingia nao ndani ya mikonge, akaunyenyekea mshale.

Mtu wa mjini akiingia kwenye shamba la mkonge lililoachwa, mistari yote inafanana. Wenyeji walijua wanakokwenda tangu hatua za mwanzo, wakatazamana. Lakini Mzee Kisio alikuwa anatembea nyuma ya mashine amenyoosha shingo kama mtoto, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumwambia.

"Karibu," alisema Onesphory, macho kwenye kioo. "Karibu sana. Yuko mbele yetu. Msipige kelele. Hapa."

Akainua uso. Mbele yake lilikuwa lango la boma, na Koplo anatikisa mkia.

"Hapa ni nyumbani kwangu," alisema Mzee Kisio.

"Mzee, mashine wakati mwingine..."

"Nyumbani kwangu napajua."

Hakuwa na hasira. Sauti yake ilikuwa imeisha tu. Namayiana alinyoosha mkono, Onesphory akatazama wale vijana wenye fimbo, akaiweka jipiesi kwenye kiganja chake.

Jioni ilikuwa imefika na ng'ombe walikuwa wanarudi. Mzee Kisio alisimama langoni kwa sababu ndiyo saa yake ya kusimama pale. Akaimba. Waliotajwa wakaingia. Alipofika kwa Meja alisita kidogo, watu wakadhani safari hii ataruka. Hakuruka. Aliimba jina lile.

Upande wa mkonge ukasikika mlio, halafu kikohozi, halafu sauti ya mtu anayeomba msaada kwa heshima zote.

Meja alitokea amekaza shingo, mwendo wake ule ule, isipokuwa wa mbio. Nyuma yake, kwenye ncha ya kamba, alikuja Cleopa. Aliwangoja tangu asubuhi hadi usingizi ukamzidi, na kwa kuwa alikuwa mwangalifu, alijifunga kamba kiunoni ili dume lisimtoroke. Halikumtoroka. Lilimchukua.

Meja alisimama langoni. Cleopa aliinuka, nguo zimechanwa na miiba ya mkonge, akaona umati, akamwona Onesphory, na akili yake ikaamka haraka kuliko miguu.

"Shikamoo mzee. Nimemkuta huyu anazurura, nikasema nimfikishe kwa mwenyewe. Nasikia kuna mtamba."

Kila neno alilolifikiria Onesphory lilikuwa ni la kujishitaki.

"Marahaba," alisema Namayiana. Alikuwa ameishika ile kamba na kuigeuza hadi akaona fundo la kitambaa chekundu. "Kamba hii ya kufungia ndama naitafuta tangu usiku ule Meja alipotoka. Umeitoa wapi?"

"Nimemkuta nayo, mama."

"Akakufunga nayo kiunoni mwenyewe?"

Vijana wakamgeukia Mzee Kisio, wangoje aseme. Lakini Mzee Kisio alikuwa ameweka paji la uso kwenye shingo ya Meja. Alipoinua kichwa hakuwatazama hao wawili kabisa.

"Nileteeni maziwa," alisema.

Kwa hiyo vijana walikimbilia maziwa, na matapeli wakakimbilia mkonge. Walisikika kwa muda mrefu wakizunguka kwenye mistari inayofanana, kila mmoja akimwambia mwenzake njia ni huku.

Jipiesi ilibaki kwa Namayiana. Koplo alikilamba kitufe chake hadi mafuta yakaisha, kikawa kinazama na kurudi kama kipya, lakini betri zikafa na hakuna aliyejisumbua kununua nyingine. Meja alizeeka akafa kwa uzee. Mzee Kisio alimfuata masika yaliyofuata.

Siku hizi anayesimama langoni jioni ni Namayiana. Anaimba majina ya walio hai kwanza, kisha la Meja, kisha la mumewe, halafu anafunga lango.