Mwavuli wa Kaka

Jumatatu, 2 Juni

Ujumbe kutoka kwa binti wa Kaka, ng'ambo ya mpaka. Kwa Kiingereza, maana Kiswahili hana, amekulia huko. Anasema baba yake yuko chini ya hali ya hewa. Paa linavuja! Miaka thelathini na moja tangu tukimbie, yeye njia yake na mimi yangu, hatujaonana, na bado analowa. Nimempa Dereva wa basi la mpakani mwavuli mweusi, anavuka kesho. Pamoja na kikaratasi: ufungue juu ya kitanda. Dereva akasema nafasi ipo, Mzee, twende wote. Haiwezekani. Alhamisi nina darasa langu la misemo ya Kiingereza, chumba cha kufulia. Wanafunzi wanne. Nikiondoka, Nesi mstaafu wa chumba cha pili atalinyakua. Naye ana Kiingereza cha sindano tu.

Jumatano, 4 Juni

Habari njema! Binti anaandika kwamba baba yake sasa yuko kwenye miguu yake ya mwisho, nije upesi. Nimewaza hadi chai ikapoa. Kumbe wamempa miguu! Ya mwisho, yaani ya kudumu, hatahitaji mingine. Sikujua hata kama miguu ilimsumbua. Kaka si mtu wa kulalamika. Naitwa kwenye sherehe. Sherehe husubiri. Nimejibu: hongera, mwambie atembee polepole.

Alhamisi, 5 Juni

Nimefundisha miguu ya mwisho. Makofi. Nesi akanyoosha kidole, mtu wa kutia doa. Akasema, Mzee, huyo ni mtu anayekata roho. Na wa chini ya hali ya hewa ni mgonjwa. Nikamjibu wivu hauna dawa, hata kwa nesi. Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Akauliza, kwa sauti ya wodini, ni nani huyo aliyeandikiwa hivyo. Nikamtaja. Akavua miwani. Nenda leo, kaka yangu, akasema. Hajawahi kuniita kaka. Nimefunga darasa.

Jumamosi, 7 Juni

Nimechelewa. Amefariki jana alfajiri, mimi nikiwa mpakani kwenye foleni ya muhuri. Binti ana paji la uso la Kaka. Neno moja tu la kwetu analo: Baba Mdogo. Alilisema mara tatu pale mlangoni. Nimeyaelewa yote matatu. Mwavuli umeegemea kitanda. Anasema Kaka aliposomewa kikaratasi alicheka mpaka wakamketisha, akasema huyo ni mdogo wangu, wala msitafute mwingine. Hakucheka tena baada ya hapo.

Kisha akaniambia, kwa Kiingereza chake, nijifanye niko nyumbani. Nimesahau inavyofanywa. Nikahamisha kabati. Hakufurahi.

Jumapili, 8 Juni

Tumemzika saa nne. Mvua ikaanza kabla udongo haujasawazishwa. Watu wakakimbilia magari. Binti akaniita, Baba Mdogo, Baba Mdogo. Nikabaki. Nikautazama udongo, nikatazama mawingu. Chini ya hali ya hewa, neno kwa neno! Nesi na ujuzi wake wote! Nilikuwa sahihi tangu Jumatatu. Alhamisi nitamweleza mbele ya darasa.

Nikafungua mwavuli, nikaushika juu yake mpaka mkono ukafa ganzi. Mimi nimelowa chapachapa. Kaka, kidogo tu.