Umbeya Bila Mdomo

Jumatatu, 4 Agosti 1975. Nakawa.
Wakwe wa binti yangu wanakuja Jumapili! Na sukari nyumbani hakuna, hata ya kudanganya ulimi. Ukiwapa wakwe chai bila sukari, umewaambia wageuze na ng'ombe zao. Akot, bibi ya sajenti, ameahidi kilo mbili za kantini. Mtu dhahabu. Amito wa chumba cha pili ana gunia zima chini ya kitanda, anaapa hana. Banange, nataka kusema mpaka tumbo linauma! Lakini jamaa wa miwani nyeusi, mpelelezi wa serikali, anashinda hapo nje, anakula chapati na masikio wazi. Nimepata akili. Acayo, fundi wa cherehani, ni kiziwi, anaongea kwa mikono. Nitajifunza. Nani atanisikia?

Jumanne, 5 Agosti
Nimejua sukari, gawa, ficha, kitanda. Mikono yangu myepesi! Ila Acayo anasumbua na mwili. Ukisimulia watu wawili, wa kwanza unaegemea kulia. Wa pili, unahamia kushoto, nyusi juu, kichwa kinageuka. Hapo ndipo "lakini" yao inakaa. Mbwembwe tupu. Mtu akicheza ngoma hivyo, wa miwani si ataona?

Alhamisi, 7 Agosti
Leo nimepasua! Nimekaa kwa Acayo wima kama nguzo ya umeme, uso mkavu, mikono mapajani, leso ikiikinga na macho ya nje. Nikasema Akot anagawa sukari. Halafu yule mwingine (jina silitaji, mimi si mjinga!) anaficha gunia chini ya kitanda. Acayo akatoa macho. Akauliza ni huyo huyo? Wa miwani alikuwa anaingia na suruali ya kushonwa. Nikaitika upesi, yaishe.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimekwisha. Acayo alikwenda kumpima Akot gauni, akamwuliza mbona anagawa kidogo na gunia ameficha. Kumbe Akot anajua mikono kunipita, mdogo wake ni kiziwi! Kaja mlangoni na Acayo, amefura, majirani nyuma yao. Anasema kilo zangu mbili nizitafute kwenye hilo gunia. Nikalia, nyabo, nilisema mwingine! Acayo akaegemea kulia, akahamia kushoto, wanawake wote wakaelewa. Kisha akakaa kama gogo, akaniiga mimi. Akot akatafsiri kwamba Acayo anauliza jana nilikuwa naongea au ni maiti nasubiri sanda. Walicheka mpaka wa miwani akaangusha chapati. Sukari sikupewa.

Jumapili, 10 Agosti
Wakwe wamekunywa vikombe vitatu vitatu! Alfajiri Amito alibisha na bakuli chini ya kanga. Anasema amenihurumia, eti nimemsingizia Akot wa watu, nimekosa sukari, na wakwe wako mlangoni. Sukari imetoka chini ya kitanda, anadhani sijui. Akaniapisha, mdomo wangu usimwambie mtu. Nikaapa kwa marehemu mama yangu. Mtu mzuri sana, Amito.
Wakwe wameondoka, niko mbele ya kioo. Kulia. Kushoto. Nyusi juu. Kesho Acayo anafungua duka saa mbili. Mdomo umeapa. Mikono haikuapa.