Miwani ya Kituo na Cheo cha Mratibu

Jumatatu, 9 Machi

Mkurugenzi ametangaza asubuhi hii, mbele ya walimu wote wawili: mtaalamu wa wafadhili anakuja Ijumaa kukagua mradi wa miwani. Vijana wakifaulu, miwani inabaki na kituo kinapata Mratibu wa Mradi. Wasipofaulu, miwani inahamia kituo kingine. Mratibu atakuwa na ofisi. Ofisi ina feni. Feni inazunguka. Nimeijaribu mwenyewe wakati wa chai.

Walimu wawili ni mimi, wa stadi za kazi, na Randa, wa useremala. Jina lake halisi liko kwenye faili na halimsaidii. Randa naye anautaka uratibu. Anajifanya hautaki. Anapiga randa ubao wake kimyakimya, na hiyo ndiyo dalili.

Miwani yenyewe ni kumi na miwili. Ukiivaa unaona nyumba nzima isiyokuwepo, yenye soketi, swichi na nyaya, nawe unafunga umeme kwa rimoti mbili za mkononi bila kupigwa shoti. Imetolewa kwa vijana walio katika mazingira hatarishi. Walimu walio katika mazingira hatarishi hawajatengewa kitu.

Ni vifaa ghali. Vijana wetu wametoka mahabusu, barabarani na kwenye shule zilizowachoka. Kwa hiyo tangu miwani ifike nimeifungia stoo, ndani ya mifuko yake ya plastiki, nami nafundisha kwa ubao. Mada ya leo: Jinsi ya Kuvaa Miwani, Sehemu ya Tatu. Nimechora. Wamenakili. Somo zuri.

Breki akanyoosha mkono. Msichana wa miaka kumi na minane, mwizi mstaafu wa simu. Wanamwita Breki kwa sababu hana. Akauliza ataivaa lini. Nikamwambia nadharia haijaisha. Akasema, haya mwalimu, na kuogelea nako utatufundishia ubaoni? Darasa zima likacheka. Nimemwandika jina.

Shida yake naijua. Fundi umeme mmoja mwenye kampuni ndogo amekubali kumchukua awe mwanagenzi, kwa sharti la kuonyesha cheti cha miwani Ijumaa hii. Asipokipata, afisa ustawi wa jamii atamrudisha kwa mjomba wake. Kazi ya simu alifundishwa na mjomba huyohuyo.

Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Nina mpango.

Jumanne, 10 Machi

Mpango ni huu. Kila kijana ana akaunti yake ndani ya miwani, na alama zinaingia humo. Miwani haioni sura ya aliyeivaa. Basi mitihani nitaifanya mimi, kwa akaunti zao. Wote wanafaulu, Breki anapata cheti, mimi napata feni. Hakuna anayeumia!

Nimekusanya namba za siri kwa kisingizio cha usalama. Kumi na mmoja wametoa bila kuuliza. Na tuliambiwa vijana hawa hawamwamini mtu.

Breki kagoma. Akasema, mwalimu, mimi simu za watu nimezila kwa sababu ya namba za siri walizozitaja ovyo, sitoi hata kwa mama yangu. Nikamkumbusha kwamba mimi ni mwalimu wake. Akasema ndiyo maana.

Mtihani wa kwanza nimeufanya stoo, saa ya chakula, mlango umefungwa. Nimefaulu kwa taabu. Nimetumbukiza mguu kwenye ndoo ya kupigia deki. Nimegonga rafu kwa paji la uso. Randa kaniona nikitoka, akauliza nani kanitandika. Nikasema nimeanguka kwenye ngazi. Akasema kituo hakina ngazi.

Kweli. Ngazi iko ndani ya miwani.

Jumatano, 11 Machi

Stoo haifai. Nimehamishia kazi nyumbani, miwani mmoja ndani ya mfuko wa sokoni, chini ya mchicha. Mke wangu yuko kazini. Watoto wako shule. Amebaki mama mkwe, aliyekuja kututembelea wiki mbili, mwaka juzi.

Kafungua mlango wa sebule akanikuta nimepiga magoti, nakaza skrubu hewani. Akauliza, kwa upole ambao sijawahi kuupata kwake, haya mambo yamekuanza lini. Nikamweleza. Akanyoosha mkono akaomba ajaribu. Mama mkwe hakataliwi.

Kaiunguza nyumba mara tatu. Fundi wa ndani ya miwani, yule wa kutoa maelekezo, mama mkwe anamwita mwanangu na anamwambia apunguze maneno. Mara ya nne kafaulu, kwa alama ambazo mimi sijawahi kuzikaribia. Alikuwa ndani ya akaunti ya kijana mmoja, nikaona si vibaya, nikaiacha hivyo. Akauliza kama kuna nyumba nyingine. Nikamwambia zimekwisha. Amekasirika, chakula cha jioni kimechelewa.

Jambo la ajabu: miwani mmoja kati ya iliyobaki stoo umeishiwa chaji. Haujaguswa na mtu, ufunguo ninao mimi mfukoni. Vifaa vya siku hizi havina uimara. Kwa upande mwingine, bawaba za mlango wa stoo zimepakwa mafuta vizuri. Nimempongeza mfagiaji. Amenishangaa.

Alhamisi, 12 Machi

Breki kaja chumba cha walimu. Kauliza swali moja: kesho cheti kipo au hakipo? Nikamwambia alete namba ya siri, kitakuwepo. Kisha akasema mjomba wake keshapiga simu, anataka kujua kama vidole bado vyepesi. Ameshampangia pa kulala. Nikasema muda bado upo. Akasema haya, shikamoo mwalimu, akaondoka. Shikamoo ya kuagia. Sikuipenda.

Nimeihangaikia akaunti yake hata hivyo. Nimejaribu siku yake ya kuzaliwa. Nimejaribu namba moja hadi nne. Miwani umenifungia nje na kunitakia siku njema.

Akaunti zangu kumi nimezimaliza. Mgongo umekata tamaa. Kuinama chini ya meza kufunga soketi siwezi tena, napachika kwa kukisia. Randa kapita mlangoni, akauliza kama kuna kijana hata mmoja ameigusa hiyo miwani. Nikamjibu matokeo yatajieleza. Akatabasamu. Tabasamu la mtu anayejua kesho anashindwa.

Ijumaa, 13 Machi

Mtaalamu kafika. Mwanamke mwenye sauti ya chini, dalili mbaya. Kafungua kompyuta mbele ya Mkurugenzi, Randa, fundi umeme na vijana wote. Akasema akaunti zote kumi na mbili zimefaulu.

Nikainamisha kichwa kupokea pongezi. Kisha nikahesabu. Mimi kumi, mama mkwe moja. Ya kumi na mbili ni ya Breki, na hiyo sikuifungua.

Mtaalamu akaendelea. Kumbe miwani inarekodi pia urefu wa aliyeivaa, mkono anaoutumia na jinsi anavyosogea. Hilo liko kwenye kitabu cha maelekezo. Mimi nilisoma jalada.

Akasoma. Vijana kumi wana urefu mmoja. Wote kumi ni mashoto. Wote kumi hawawezi kuinama chini ya meza. Akauliza kama ni ndugu. Mkurugenzi akasema hapana, kila mmoja na kwao. Nikaongeza kwamba hapa wanakula chakula kimoja. Mkurugenzi akautazama mkono wangu ulioshika kalamu. Nikaihamishia wa kulia. Ikaanguka.

Wa kumi na moja, akasema mtaalamu, ni mfupi, ndiye hodari kuliko wote, na sauti iliyorekodiwa inamwita fundi wa ndani ya miwani mwanangu. Watu wakamgeukia mwenye akaunti, kijana mrefu wa kugusa dari. Akasema yeye hata hajui hiyo miwani inafunguliwa wapi.

Kisha akafika kwa wa kumi na mbili. Mtumia mkono wa kulia. Siku ya kwanza alijiua kwa umeme kila alipogusa waya. Siku ya pili akapunguza. Jana hakukosea popote. Mtaalamu akasema, huyu ni mtu.

Breki akasimama. Akaeleza bila kupepesa kwamba kila mimi nikienda nyumbani, Randa alikuwa anang'oa mlango wa stoo kwenye bawaba, anamwachia yeye miwani hadi jioni, kisha anaurudisha mlango. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu muda wote! Mkurugenzi akamuuliza Randa kama ni kweli. Randa akasema mlango ni mbao, na mbao ni somo lake.

Mtaalamu akataka kila kijana avae mbele yake. Wawili waliivaa juu chini. Mmoja aliomba kwanza afungue daftari, Sehemu ya Tatu. Breki alivaa, akafunga nyumba nzima, akavua. Fundi umeme akamuuliza, kwa mteja utaanza na nini. Akasema kuzima umeme, halafu kutomwamini aliyekwambia umezimwa. Fundi akacheka mpaka akakaa. Akamwambia aje Jumatatu saa moja asubuhi, na viatu vya kufunga. Cheti kikasainiwa palepale. Breki akakishika kwa mikono miwili, akamwomba Randa amfungie cheti mahali hadi Jumatatu, kwa sababu, alisema, humu ndani kuna wezi.

Randa ni kaimu Mratibu. Miwani inahamia karakana yake. Tathmini ya pili ni Ijumaa tarehe 27: vijana kumi na mmoja, wavae mbele ya mtaalamu. Mimi niko chini ya uangalizi. Hapa kituoni neno hilo hutumika kwa vijana.

Jumatatu, 16 Machi

Fundi umeme kampigia simu Mkurugenzi: Breki alifika kazini kabla yake. Afisa ustawi amempa mjomba habari. Mjomba kakata simu.

Kwa hiyo mwanafunzi kutoka darasa langu, aliyeanza kwa nadharia yangu, ameajiriwa. Nimemkumbusha Mkurugenzi. Akaniambia nifunge mlango nikitoka.

Nimekaa nikalitafakari kosa langu kwa kina, bila kujionea huruma. Kosa lilikuwa urefu. Mtu mmoja hawezi kuwa vijana kumi. Wanahitajika watu wa vimo mbalimbali, na mtumia mkono wa kulia angalau wanne. Mtaalamu hatakuwa tatizo: vijana wetu aliwaona wakiwa na miwani usoni.

Mama mkwe ameafiki kabla sijamaliza kueleza. Ana marafiki wawili kwenye kikundi chao cha kina mama, mmoja mrefu. Jioni hii amejaribu sare ya kituo hapa sebuleni. Inambana mabegani. Fundi cherehani ameahidi kuitanua ifikapo Alhamisi tarehe 26. Tathmini ni kesho yake, saa tatu asubuhi.